Blanketi Nililowaambia Msilifue

Oulu, Ufini
Jumapili, mchana

Mpendwa Baba,

Bwakire. Nimeanza kwa Ekegusii ujue sijakisahau, lakini yote yanayofuata nimeyaandika kwa Kiswahili, na nitakueleza sababu. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Bado unashuka nalo mpaka kituo cha chai kubishana na karani wa mizani? Na mgongo wa Mama je? Ile mvua ya mawe aliyonisimulia Ombati, iliharibu chai peke yake, au hata ndizi za nyuma ya jikoni zililala? Nauliza mengi kwa pamoja kwa sababu nimekaa nayo muda mrefu bila mtu wa kumuuliza.

Mimi ni mzima. Nakula, nalala, naenda kazini. Hilo ndilo jibu la kumpa jirani akikuuliza njiani. Wewe ukiniuliza kwa dhati, Baba, nitasema upweke umenizidi. Tangu Ijumaa jioni sijasikia sauti yangu mwenyewe, isipokuwa jana, Sabato, kanisani nilipoimba, na hapo tulikuwa watu kumi na wawili, wazee watupu, kila mmoja amekaa kwenye benchi lake. Hapa watu wakingoja basi husimama mbalimbali kana kwamba wamegombana, kumbe ndiyo heshima yao. Juzi birika lilipochemka nikajikuta nikiliambia, "Mbuya mono," kama mtu aliyejuliwa hali akajibu ni mzima sana. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka.

Simu nimejaribu mara nne wiki hii. Mama anasema, "Sisi wazima, Mungu ni mwema," kisha anampa mtu mwingine. Ombati anasema, "Tutaongea, sista," na hatuongei. Wewe ulitufundisha darasani na nyumbani kwamba neno zito halirushwi hewani, linatiwa kwenye karatasi ili msemaji asilikane kesho. Basi nimelitia. Nitazipiga picha kurasa hizi nimtumie Ombati leo hii, akazichapishe pale sokoni Kebirigo akuletee. Zenyewe zitafuata kwa posta. Ukiona kosa la sarufi, weka kalamu nyekundu chini kwanza, usome mpaka mwisho.

Na sababu ya Kiswahili ni Akinyi. Baba, katika nyumba yetu mke wa Ombati akiingia sebuleni, maneno huhama. Tunaongea vizuri, anafungua mlango, tunahamia Ekegusii kama watu wanaosogeza viti jua likiwafikia. Miaka mitatu ameolewa kwetu na bado tunasogeza viti. Mimi pia nimefanya hivyo, kwa simu, yeye akiwa ameishika hiyo simu mkononi. Sasa nataka barua hii asiitafsiri mtu. Wasomee Mama na Ombati kwanza, hapo nyumbani. Halafu uichukue mwende nayo kule ziwani kwa kina Akinyi, uisome tena mbele ya Akinyi na mama yake, neno kwa neno. Na iwe kabla ya Jumapili ijayo, kwa maana Ombati ameniambia Jumapili ndiyo siku wazee wanakwenda kule kumchukua mtoto, na Mama amesema mtoto arudi, mama yake abaki.

Msiende na wazee. Aliyemfanya mtoto wao Nyakundi augue si mama mzazi wa Akinyi, wala si jicho la mtu yeyote. Ni mimi.

Ngoja, usisimame. Najua Mama ameshasema, "Mtoto huyu amechanganyikiwa na baridi." Sijachanganyikiwa. Nipe nafasi nipange mambo yote upya, hata yale unayoyajua, kwa sababu kila mtu ana kipande chake na hakuna aliyeviweka pamoja.

Nilipoondoka Kebirigo, miaka mitano sasa, Mama alinifungia sanduku. Unakumbuka alivyolikalia ndipo zipu ikafunga. Ndani, katikati ya nguo, alitia pakiti kubwa ya vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo, anavyonunua kwa mwenye duka la plastiki. Nikamuuliza, "Mama, kwani Ulaya kuna nondo?" Akanijibu, "Mahali penye nguo pana nondo." Basi nikaja navyo.

Mshahara wangu wa kwanza ulipoingia nilinunua blanketi la mtoto, la bluu, la sufu ya huku. Sikuwa na mtoto, na Ombati alikuwa hajaoa. Nilinunua tu, kwa sababu kila jioni nilikuwa napita mbele ya duka lile, na nilitaka kuwa na kitu cha kumpa mtu. Nikalitia sandukuni pamoja na vidonge vya Mama, nikafunga. Kila vidonge vilipopungua niliongeza vingine kutoka pakiti ile ile. Na nitakwambia jambo nisilowahi kumwambia mtu. Nikiwa na siku mbaya, nilikuwa natoa sanduku chini ya kitanda, nafungua, naingiza uso mzima ndani. Ilikuwa harufu ya sanduku la bati la Mama, lile la chumbani, tulilokuwa tukilifungua kutafuta nguo za Sabato. Nikinusa hapo, niko nyumbani. Dakika moja tu, halafu nafunga haraka harufu isiishe.

Nyakundi alipozaliwa, na mkampa jina la babu, mimi nililia kazini mpaka wakanipa kiti. Dada mmoja wa Keroka alikuwa anarudi Kenya likizo, nikampa blanketi. Vidonge vilivyobaki nilivitoa, vimebaki vidogo kama punje za mahindi, nikavirudisha sandukuni. Blanketi nikalifunga kwa mfuko wa nailoni, nikalikaza kwa utepe mara tatu. Nilitaka lifike na harufu yake. Na kwa simu nikawaambia, mnakumbuka wote, nilisema kwa kiburi cha mtu wa Ulaya, "Msilifue! Sufu hii ikiingia maji inanywea. Mfunikeni hivyohivyo."

Mkatii. Haki ya Mungu, laiti siku hiyo mngenipuuza.

Mama akaniambia, "Mtoto analala kwa harufu yako, Kwamboka." Mnajua maneno hayo yalinifanya nini? Wiki nzima nilitembea kwenye theluji nikitabasamu peke yangu.

Halafu samli. Mama, hapa nasema nawe, lakini sisemi kwa ukali. Wewe ulimpaka mtoto samli mwili mzima asubuhi na jioni, kama ulivyotupaka sisi na kama bibi alivyokupaka wewe, ili vitu vya ebibiriria, vile vinavyosemwa huletwa na macho ya watu, viteleze visiingie kwenye ngozi. Mchungaji akiuliza unasema ni mafuta tu ya baridi. Sawa, mimi sikuchongei. Lakini vile vidonge, mvuke wake hupenda mafuta. Samli iliyowekwa kuzuia uovu usiingie ndiyo iliyoufungulia mlango. Ngozi ya mtoto wa siku kumi ni nyembamba kama utando wa maziwa, imepakwa mafuta, imefunikwa blanketi lililokaa miaka mitano ndani ya dawa. Hakuna aliyekusudia ubaya. Mimi nilituma upendo, wewe ukapaka upendo juu yake.

Akawa manjano. Mkamwanika jua la asubuhi, kama inavyofanywa, na mkamfunika vizuri upepo usimpige. Siku hiyo mlinipigia simu ya picha, nikamwona mikononi mwa Akinyi pale uani, anang'aa kwa samli, blanketi langu limemzunguka mpaka kidevuni, na weupe wa macho yake una rangi ya ndizi mbivu. Nikapiga kelele, "Mpelekeni Kisii sasa hivi!" Hilo nililiona. Blanketi sikuliona. Niliona limependeza.

Hospitalini akawekwa chini ya taa za bluu, akaongezwa damu. Daktari akauliza, "Nyumbani mnatumia vidonge vya nondo kwenye nguo za mtoto?" Akinyi akasema hapana, na hakudanganya. Mama naye akasema sanduku la bati lilishaliwa na kutu, limetupwa. Mimi ndiye niliyekuwa na jibu, na mimi nilikuwa huku nikichemsha uji. Alipopimwa damu, daktari akasema ana upungufu wa kimeng'enya fulani, akaandika kwenye kitabu cha kliniki, akasema upungufu huo mtoto wa kiume huupata kwa mama yake. Ombati akalileta neno hilo nyumbani likiwa nusu. Na nusu hiyo Mama akaishika kwa mikono miwili.

Mtoto akapona, akarudi. Siku hiyohiyo mama yake Akinyi akaja kutoka ziwani na samaki wake, akamshika mjukuu, akamsifu, "Ai, jinsi alivyo mzuri." Akasema hivyo bila kutema mate pembeni kuzuia jicho, maana kwao labda hawatemi. Na sisi kwa furaha tukamfunika mtoto kitu kizuri kuliko vyote tulivyo navyo. Siku ya tatu akawa manjano tena. Mama akasema, "Mmeona? Hospitalini alikuwa mzima, yule mama kumtia macho tu, kaanguka." Baba, ukimsikiliza Mama, hesabu yake imekamilika. Kisha Akinyi akamtoa mtoto hospitalini mara ya pili, hakurudi kwetu, akapita moja kwa moja mpaka kwao. Na kule mtoto amenona. Mama akasema, "Bila shaka. Wamekiondoa wenyewe walichokiweka."

Hakuna walichoondoa. Akinyi aliondoka na nguo alizovaa na mtoto kwenye shuka la hospitali. Blanketi lilibaki kwetu.

Sasa nikueleze nilivyojua, na hapa utanivumilia niwe mwalimu kidogo.

Kazi yangu kwenye maabara si kubwa. Naosha vyombo, napima, naweka sampuli kwenye barafu. Lakini miaka mitano unaosha vyombo vya watu, unaanza kujua wanachopika. Wanachunguza jinsi mafuta yanavyoharibika ndani ya mwili. Unakumbuka ile chupa ya mafuta ya kupikia niliyoiacha dirishani juani nikiwa darasa la tano, Mama alipoifungua akakunja uso, akasema yamechacha? Ni jambo lilelile, ila linatokea ndani ya seli.

Kila seli ina utando, na utando huo umeundwa hasa kwa mafuta, safu mbili nyembamba zimelaliana. Mafuta yenyewe ni laini, na ndiyo maana seli ya damu inaweza kujikunja ikapenya kwenye mshipa mwembamba kuliko yenyewe. Ulaini huo ni uzuri wake na ni udhaifu wake. Sasa kuna chembe zinazoitwa radikali huru, na dawa ya vile vidonge ikiingia mwilini huzizalisha kwa wingi. Elektroni hupenda kukaa mbilimbili, na chembe hizi zimebaki na moja isiyo na mwenzake, kwa hiyo hazitulii. Zikipita karibu na yale mafuta laini zinayapora. Mafuta yaliyoporwa yanabaki na pengo, yanadaka oksijeni, yanamgeukia jirani yanampora vilevile, na jirani anamgeukia jirani wake. Aliyeibiwa anakuwa mwizi. Wizi unatembea hivyo mpaka utando unakakamaa, unavuja, na seli inapasuka. Seli nyekundu zikipasuka nyingi, ule wekundu ukivunjwa hutoa rangi ya manjano, na ini la mtoto mchanga halijapata nguvu ya kuiondoa yote. Ndiyo manjano mliyoiona machoni.

Wiki mbili zilizopita wanafunzi walileta kopo la dawa, walitaka kuharibu seli za damu makusudi waone walinzi wa seli wanavyopigana. Mimi nikapewa nifungue nipime. Nikafungua. Baba, nilifumba macho. Nikasema kwa sauti, peke yangu, kwa Kiswahili, "Nyumbani!" Marjatta, mama mtu mzima tunayefanya naye kazi, mtu wa maneno matano kwa siku, akaniuliza nasema nini. Nikamwambia hii ni harufu ya sanduku la mama yangu, mama huwekea nguo. Akaniangalia. Akasema, "Si nguo za watoto, natumaini."

Niliendelea na kazi kwa sababu mikono ilikuwa imeshaanza. Tulipomaliza tukatia dawa ya kupimia, tukachemsha. Maji yakibaki meupe, mafuta ni mazima. Yakiwa waridi, yameharibika. Yakawa waridi, waridi ya kupendeza kama ua. Nikasimama pale nimeshika bomba la kioo nikaona blanketi langu la bluu kwenye ile simu ya picha, limemfika mtoto kidevuni. Nilikwenda kukaa kwenye ngazi za nyuma. Marjatta akaja akakaa ngazi ya chini yangu, nami sikuwa na lugha ya kumweleza. Ekegusii hajui, Kiswahili hajui, na Kifini changu hakina maneno ya jambo kama lile. Siku hiyo ndipo nilipojua upweke unavyokuwa. Nilikuwa na kosa langu na sikuwa na mtu wa kulisikia.

Jioni ileile nilimwandikia Ombati kwa simu kwamba blanketi lisimguse mtoto kamwe. Akanijibu kwa dole gumba. Nadhani hakumwambia mtu kwa nini, maana nami sikumwambia kwa nini. Niliogopa. Wiki mbili nimeogopa, na ndani ya wiki hizo mbili mmepanga wazee.

Najua swali la Mama, nalisikia mpaka huku. "Na ile damu iliyotoka kwa Akinyi?" Ni kweli, Mama, sitaificha. Ule upungufu mtoto ameupata kwa mama yake. Seli za damu zina walinzi ambao wakishatumika lazima wafanywe wapya, na kimeng'enya hicho ndicho kinachowezesha kazi hiyo. Nyakundi anacho kidogo, kwa hiyo walinzi wake huchoka upesi. Lakini sikiliza na nusu ya pili. Sehemu zenye malaria, kama kule ziwani, watu wengi wamezaliwa hivyo, na wataalamu wanaamini ndivyo damu zao zilivyojifunza kuishi na mbu. Hauumi mtu ukikaa peke yake. Akinyi ameishi nao tangu azaliwe hajui. Nyakundi naye angeishi nao mpaka awe mzee mwenye kibofu kibovu, kama si blanketi. Na hata mtoto asiye na upungufu huo, vidonge vile vinaweza kumwangusha. Kumlaumu Akinyi ni kumlaumu mwenye paa la nyasi badala ya aliyerusha kijinga cha moto.

Na Mama, haya macho yangu yasiyoona ubao nilipewa na nani? Ni yako. Baba alipokwenda kuninunulia miwani ya kwanza mjini Kisii, alikurudisha kwenu?

Kwa hiyo mtakapompata mtoto, fuateni aliyoandika daktari kwenye kile kitabu. Kila anayempa dawa akisome kwanza, hasa za malaria, maana ziko ambazo damu yake haiwezi kuzistahimili. Vidonge vya nondo visiingie tena nyumba yoyote atakayolala, yetu wala ya mama yake Akinyi, wala ya shangazi anayejifanya hasikii. Hayo yanatosha. Mengine ni ya kawaida, maziwa ya mama, usingizi, na kelele za watu wanaompenda.

Sasa neno langu lenyewe, Baba. Katika ule utando kuna vitamini E, imekaa katikati ya mafuta. Wizi ukiifikia, nayo inaporwa kama wengine. Lakini yenyewe ikiporwa haimgeukii jirani. Inatulia na pengo lake, na msururu unakatikia hapo. Nilipoelewa hilo nilifikiria nyumba yetu. Daktari amemuuliza Akinyi, Ombati akamtazama Akinyi, Mama akamtazama mama yake Akinyi, mama yake Akinyi najua sasa anamtazama Mama, na Jumapili wazee watatazamana wote. Kila aliyeumizwa anatafuta wa kumuumiza. Kosa hili likinifikia mimi lisimame. Semeni ni Kwamboka. Mkiulizwa njiani, semeni ni Kwamboka, binti wa mwalimu, aliyekwenda Ulaya kuosha chupa akajifanya anajua sufu. Watanicheka. Wacha wanicheke. Siko huko kuwasikia.

Ombati, ndugu yangu. Wewe unabeba vinyago vya mawe vya Tabaka mchana kutwa na hujawahi kudondosha hata kinyago kimoja, wafanyabiashara wote wanakusifu. Mke wako amedondoka mikononi mwako ukasimama kuangalia. Ulimpata mwenyewe, pale mjini, hukutafutiwa na mtu. Nenda.

Na Mama. Nakuomba uende nawe, kwa miguu yako na mgongo wako huo. Usimtume mtu. Ukifika kwa mama yake Akinyi usianze na Biblia, anza na pole. Najua ni mlima. Lakini wewe ni mtu wa pole zako; nilipovunja chungu cha bibi ulinipiga, kisha jioni ukaja kitandani ukaniambia, "Nilizidisha." Mwambie hivyohivyo. Hata neno likiwa moja litatosha.

Jambo la mwisho ndilo gumu kwangu. Ombati ameniambia, Mama, kwamba lile blanketi umelitandika kitandani kwako. Kwamba umekataa lifuliwe, na kwamba ukiingia chumbani unalishika unalinusa, unasema, "Mtoto wangu." Mama yangu. Wewe ulinusa pale ukasema ni Kwamboka. Mimi miaka mitano nilinusa sanduku nikasema ni Mama. Kumbe sote wawili tulikuwa tunanusa dawa ya dukani, ile uliyonunua wewe mwenyewe sokoni. Si harufu yangu, Mama, wala haikuwa yako. Lifueni kwa maji moto na sabuni, mara nyingi, mlianike juani siku nyingi, linywee likitaka kunywea. Halafu mpeni ndama. Mtoto asilione tena.

Mimi nimeshafanya upande wangu. Leo asubuhi nilifungua sanduku nikavifunga vile vidonge nikavipeleka wanakokusanya sumu. Ndani nimelisugua kwa sabuni, nimelitoa nje kwenye kibaraza, liko wazi, upepo wa theluji unapita ndani yake. Kabla ya kulisugua niliingiza uso mara moja. Mnisamehe. Chumba sasa hakinuki chochote.

Msalimie bibi upande wa mama, mwambie meno yangu bado yote. Msalimie shangazi anayejifanya hasikii, atasikia. Msalimie mzee wa kanisa aliyeniombea safari, na mama jirani anayetukamulia ng'ombe Mama akiumwa. Wa ziwani usiwasalimie kwa niaba yangu, Baba. Msomee Akinyi kurasa hizi, hizo ndizo salamu zake, na umwambie wifi yake anamwomba msamaha kwa lugha anayoielewa.

Na Mama, Akinyi akikubali kukupa mtoto, mtoe nguo kwanza. Usimpake kitu. Mshike hivyo alivyo, umnuse shingoni, pale nyuma ya sikio. Halafu uniandikie ananukaje.

Ni mimi binti yenu,
Kwamboka